Barua ya wazi kwa wakuu wa Mtwara na Lindi: nailoni inayochomwa dampo ni makaa ya tanuri la chuma

Kwa Waheshimiwa Wakuu wa Mikoa ya Mtwara na Lindi. Kwa wakurugenzi na madiwani wa halmashauri zetu. Kwa NDC, Shirika la Maendeleo la Taifa, na NEMC, baraza la mazingira. Na kwa kila aliyeshika faili la chuma cha Liganga na makaa ya mawe ya Mchuchuma.

Waheshimiwa, salaam sana.

Mimi ni mnunuzi wa chakavu mjini Mtwara. Nina mizani, yadi ya kukodi yenye uzio wa mabati, na guta mbili. Chuma ndicho kilichoniingiza katika biashara hii. Plastiki ilinifuata yenyewe, kwa sababu muokotaji akiingia jalalani habagui, anabeba chochote anachodhani kitamlipa. Kabla ya kurudi nyumbani nilifanya kazi miaka tisa kwenye kiwanda kimoja cha nondo Dar es Salaam, upande wa tanuri. Kwa hiyo chuma na plastiki, vyote viwili nimevishika kwa mikono hii. Ninawaandikia kwa sababu ninyi mnavishughulikia katika ofisi zisizosalimiana: plastiki iko kwa maofisa wa afya na usafi, chuma kiko kwa watu wa viwanda na migodi. Kwenye mdomo wa tanuri ni jambo moja, na nitajitahidi kuwaonyesha.

Wiki iliyopita alikuja bibi mmoja wa Mikindani na viroba vitatu vilivyofungwa kwa kamba ya mkonge. Cha kwanza kilikuwa makopo ya plastiki ya maji. Cha pili kilikuwa na ndoo zilizopasuka, madumu, na mguu wa kiti. Nikapima, nikalipa. Cha tatu kilikuwa nailoni tupu: vifungashio vya unga na sukari, mifuko ya ndani ya salfa ya kupulizia mikorosho, karatasi za pipi, vipande vya turubai, vyote vikiwa na mchanga na harufu ya matope ya mikoko.

"Mjukuu wangu, na hii je?"

"Bibi, hiyo haina mnunuzi."

Hakubishana nami. Alikimwaga kiroba nje ya geti, pembeni ya mtaro, akakikung'uta, akakikunja na kukiweka kwapani, maana kiroba kizima kina kazi nyingine. Kabla ya magharibi vijana wa mtaa walikuwa wameshaitia moto ile nailoni, na moshi wake mweusi ulilala juu ya nyumba zetu mpaka wakati wa isha.

Mtu aliyewahi kulisha tanuri hawezi kuutazama moto ule bila kuumia. Kila nyumba inayopikia mkaa inaujua. Unachomeka kipande cha dumu chini ya mkaa, unakiwasha, matone ya moto yanadondoka yakivuma, na mkaa unashika hata kama umenyeshewa na mvua za masika. Mama zetu hawakuhitaji kitabu cha kemia kujua kwamba plastiki ina moto kuliko mkaa wenyewe. Sababu yake ni nyepesi. Mfuko laini na dumu gumu kwa kawaida ni polietilini, na polietilini ni mnyororo wa kaboni na haidrojeni, basi. Chukua kilo 14 zake: kilo 12 ni kaboni, kilo 2 ni haidrojeni. Makaa ya mawe yanayoletwa bandarini kwetu kutoka Ruvuma hayafikii usafi huo. Yana majivu yake, unyevu wake na salfa yake. Hayo makaa tunayalinda, tunayapima, tunayalipia ushuru, tunayapakia melini. Na hii nailoni, yenye kaboni nyingi zaidi kwa kila kilo, tunaichoma mtaroni na kuivuta kifuani pamoja na watoto wetu.

Sasa nije kwenye chuma chenyewe. Jiwe la chuma ni chuma kilichoshikana na oksijeni. Kutu ya bati lako ni ndugu yake wa damu. Kukitoa chuma humo si suala la joto peke yake, maana ukipasha jiwe hilo mpaka liyeyuke utapata jiwe lililoyeyuka. Lazima aje mwingine wa kulipokonya oksijeni yake, na tangu enzi za wahunzi wa kale huyo mwingine ni kaboni. Makaa yakiungua kwa hewa isiyotosha hutoa kaboni monoksaidi, gesi ile ile inayoua watu waliolala na jiko la mkaa katika chumba kilichofungwa. Ndani ya tanuri gesi hiyo hupanda katikati ya mawe, inachukua oksijeni, inatoka juu ikiwa hewa ukaa, na nyuma yake inaacha chuma. Haidrojeni nayo hufanya kazi hiyo hiyo, ila yenyewe hutoka ikiwa mvuke wa maji. Kwa hiyo plastiki inaingia tanurini na wafanyakazi wawili, wakati koki inaingia na mmoja.

Koki, kwa asiyeijua, ni makaa ya mawe yaliyookwa bila hewa mpaka yakawa magumu yenye matundu kama sifongo. Si kila makaa ya mawe hukubali kuwa koki, ndiyo maana bei yake inauma. Tanuri kubwa la kisasa hula karibu nusu tani ya koki na makaa ya unga kwa kila tani moja ya chuma.

Mababu zetu walitoa chuma bila koki. Wapangwa wa Ludewa, majirani wa Liganga yenyewe, walitumia mkaa wa miti na mivukuto. Wahaya wa Kagera walifanya jambo ambalo wataalamu wa metali wanalisoma mpaka leo: kwenye shimo la chini ya tanuri walijaza nyasi za kinamasi walizozichoma zikawa makaa mepesi, na chuma kikapata kaboni yake humo. Peter Schmidt na Donald Avery, wasomi wa Kimarekani, waliichapisha habari hiyo mwaka 1978. Nimeikumbuka kwa ajili ya zile nyasi. Yule mhunzi alitazama pale alipo, akaona kaboni iliyoko miguuni pake, akaitumia.

Plastiki nayo imeshajaribiwa, na si kwenye maabara tu. Ujerumani ilitunga kanuni ya vifungashio mwaka 1991, iliyowabana wenye viwanda wakusanye vifungashio vyao baada ya kutumika. Plastiki ikaanza kukusanywa na kuchambuliwa, ikajaa. Miaka michache baadaye kiwanda cha chuma cha Bremen kikaanza kuipuliza tanurini badala ya sehemu ya mafuta mazito. Japani, kampuni ya chuma ya NKK ilianza mwaka 1996 katika kiwanda chake cha Keihin, Kawasaki. Wenzao wa chuma, Nippon Steel, walipita njia nyingine kuanzia mwaka 2000 huko Nagoya na Kimitsu: wao huchanganya plastiki na makaa ya mawe, takriban kilo moja kwa kila kilo 100, kisha huoka mchanganyiko huo katika tanuri la koki. Katika plastiki hiyo karibu asilimia 20 hubaki kuwa koki, asilimia 40 huwa mafuta na asilimia 40 huwa gesi, na hakuna kinachotupwa. Linz kule Austria nao walifunga mitambo ya kupuliza plastiki. Australia, Profesa Veena Sahajwalla wa Sydney, mzaliwa wa Mumbai, ameonyesha jinsi plastiki na matairi chakavu vinavyoweza kuchukua nafasi ya sehemu ya koki katika tanuri la umeme linaloyeyusha chakavu, na viwanda vya nchini mwake vikaitumia njia hiyo.

Naomba mtazame mpangilio wa mambo hapo, Waheshimiwa. Ujerumani sheria ilitangulia, plastiki ikakusanyika, tanuri likafuata. Japani vilevile, sheria yao ya vifungashio ni ya mwaka 1995. Hakuna mwenye tanuri aliyewahi kwenda kuokota nailoni mtaani. Alipuliza tanurini pale tu alipohakikishiwa kwamba kila siku, mvua ije jua lije, marobota yatafika getini yakiwa makavu na yamechambuliwa. Kazi hiyo ya kuhakikisha ni yenu.

Huenda mtu akasema, kuchoma ni kuchoma, tofauti ya tanuri na mtaro ni ipi? Ni kubwa mno. Mtaroni moto ni wa chini, hewa inaingia na kutoka inavyotaka, plastiki inaungua nusu na nusu nyingine inatoka kama masizi na sumu. Tanurini plastiki iliyosagwa hupulizwa kwa mabomba chini kabisa, pale upepo wa moto unapoingilia, ambapo joto hupita nyuzi 2,000 za Selsiasi. Kwa kufumba na kufumbua inakuwa kaboni monoksaidi na haidrojeni, na gesi hizo zinapanda mita nyingi kupita kwenye mawe na koki kabla ya kuonja hewa ya nje. Kule juu zinakusanywa, zinachujwa vumbi, na kutumika tena kama nishati ya kiwanda.

Lakini mimi si mchuuzi wa dawa ya maradhi yote. Plastiki ikiingia tanurini ovyo inaua, na hilo nimeliona. Pale kiwandani Dar es Salaam tulikuwa tunayeyusha chakavu kwa umeme. Siku moja, zamu ya usiku, ndani ya rundo la mabati kulikuwa na dumu la lita tano lililofungwa kifuniko, na ndani yake kulikuwa na maji. Hakuna aliyelikagua, kwa sababu msimamizi alikuwa anatuhimiza tuwahi. Liliposhuka kwenye chuma kilichoyeyuka maji yakageuka mvuke mara moja, chuma kikaruka kana kwamba mtu amerusha ndoo ya moto. Mwenzangu tuliyekuwa tukila naye sahani moja aliungua mkono na shingo, na hakurudi tena kazini. Tangu siku hiyo, mtu akiniambia "tupia tu humo" damu inanisisimka. Plastiki ya tanuri lazima ikaushwe, isagwe vipande vidogo vya ukubwa wa punje za mahindi au ishindiliwe kuwa vidonge, iingie kwa kipimo na kwa njia yake.

Tena lazima ichambuliwe na watu wanaojua wanachokishika. Mabomba ya PVC yale ya kijivu, ngozi bandia, na baadhi ya nyaya yana klorini, na kwa PVC safi klorini ni zaidi ya nusu ya uzito wake. Klorini ikiingia tanurini inazaa asidi inayokula mabomba, na pakikosewa inazaa dioksini, sumu kali. Wajapani walilazimika kwanza kuipasha PVC mpaka kama nyuzi 300 ili klorini itoke, kabla ya kuipeleka mbele. Sisi tusianze na PVC kabisa, ikae pembeni. Chumvi ya bahari nayo ni klorini. Nailoni aliyoileta bibi wa Mikindani imelala ufukweni, imekauka na chumvi, kwa hiyo inahitaji maji baridi, yasiyo na chumvi, ya kuisuuza. Makopo ya maji yasipelekwe tanurini. Hayo yana theluthi moja ya uzito wake oksijeni, yaani yanabeba mzigo ule ule tunaotaka kuuondoa kwenye jiwe, na tayari yana soko lake la kurudishwa kuwa plastiki tena. Yaacheni kwenye soko hilo.

Nimefika kwenye salfa, na hapa nawaomba mnisikilize kwa makini kwa sababu ni jambo letu sisi watu wa korosho. Hata Mjerumani wa Bremen hawezi kutufundisha. Kila msimu wa kupulizia mikorosho dhidi ya ubwiriunga, mashamba kutoka Newala mpaka Liwale yanabaki na mifuko ya salfa. Ni mifuko ya nje iliyofumwa na mifuko laini ya ndani, yote plastiki nzuri, yote ingefaa. Ila ndani imeshika unga wa manjano, na salfa ni adui mkubwa wa chuma. Salfa kidogo tu ikibaki kwenye chuma, chuma hicho kikipashwa na kugongwa kinapasuka kama muhogo mkavu. Watu wa tanuri wanahangaika usiku na mchana kuitoa salfa inayokuja na makaa. Hawatakubali tuwaletee nyingine kwa mifuko. Kwa hiyo mifuko ile ikung'utwe shambani, iletwe AMCOS, yaani chama cha ushirika cha wakulima, ioshwe hapo, ndipo ifungwe marobota. Huo si mzigo usiobebeka. AMCOS ndiyo inayogawa pembejeo na ina daftari la kila mkulima. Aliyechukua mifuko kumi anajulikana kwa jina, na arudishe mifuko kumi mitupu kabla ya kupewa ya msimu ujao. Leo mifuko hiyo inachomwa chini ya mikorosho ile ile, na anayeichoma anarudi nyumbani anakohoa na macho yamemvimba. Vyombo vya viuatilifu vya maji ni habari nyingine. Hivyo ni sumu, vishughulikiwe na wataalamu, visiguswe na waokotaji.

Sasa Liganga. Tumeimba jina hilo tangu tukiwa shule. Hesabu zinazotajwa ni tani milioni 126 za mawe ya chuma Liganga, na tani milioni 428 za makaa ya mawe Mchuchuma, kote wilayani Ludewa. Mkataba wa ubia kati ya NDC na Sichuan Hongda ya China ulitiwa saini mwaka 2011, na miaka yote hii tanuri bado halijawashwa. Wengi wanaona hilo ni hasara tupu. Kwa jambo hili ninaloliandika mimi naliona kuwa nafasi, kwa sababu tanuri ambalo halijajengwa bado linaweza kuchorwa upya.

Na litahitaji kuchorwa kwa akili. Mawe ya Liganga yana metali nyingine mbili ndani yake, titani na vanadi. Vanadi ni mali. Titani, katika tanuri la kawaida la koki, hufanya mavi ya chuma, yaani taka ya jiwe iliyoyeyuka, yawe mazito kama uji uliolala, yasitoke vizuri. Afrika Kusini, kwenye kiwanda cha Highveld, mawe ya jamii hiyo yalipitishwa kwanza kwenye tanuri refu la kuzunguka pamoja na makaa ya mawe, kisha yakamaliziwa kwenye tanuri la umeme. Ikiwa na sisi tutapita njia hiyo, basi mahali plastiki inapoingilia ni swali la kuamua mapema. Ukiitia tanuri la kuzunguka kupitia mlango wa baridi, itageuka gesi na kutoroka kabla haijakutana na jiwe lililoiva. Ikipulizwa upande wa moto, au kwenye tanuri la umeme kama walivyofanya Waaustralia, itafanya kazi. Kutoboa tundu hilo kwenye mchoro ni kazi ya kalamu. Kulitoboa baada ya kiwanda kujengwa ni mabilioni, na hakuna mwekezaji atakayekubali.

Ndiyo maana ombi langu kubwa kwenu ni hili moja. NDC, mnapokaa mezani na mwekezaji yeyote wa Liganga, andikeni kwenye mkataba kwamba tanuri litajengwa likiwa na njia ya kupokea plastiki iliyosagwa, na kwamba kabla ya michoro kukamilika, mawe ya Liganga yatajaribiwa pamoja na plastiki kutoka halmashauri zetu. Wahandisi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam wapo, TIRDO, shirika la utafiti wa viwanda, ipo. Jaribio la maabara halihitaji meli ya plastiki, linahitaji viroba.

Mtaniuliza plastiki ya Mtwara itafikaje Ludewa. Simameni barabara ya Masasi muangalie malori. Yanashuka na makaa ya mawe kutoka Ruvuma, kupitia Tunduru, yamejaa mpaka chasisi inalia, na mengi ninayoyaona yanapanda matupu, turubai limekunjwa. Robota la plastiki ni jepesi na halimchafulii mtu gari. Reli ya Mtwara hadi Mbamba Bay, takriban kilomita 1,000, na matawi yake ya Mchuchuma na Liganga, ikijengwa itakuwa vivyo hivyo: mabehewa yatashuka na mzigo, na kupanda yakitafuta mzigo. Kusini tuliwahi kuwa na reli ya Mtwara na Nachingwea, iliyojengwa kwa ajili ya mpango wa karanga, na iling'olewa miaka ya sitini kwa kukosa mizigo. Mizigo ya kurudi ni jambo la kufikiriwa tangu mwanzo.

Soko la Dar es Salaam limetushinda, nami nina kovu lake. Mwaka 2024 nilikusanya ile plastiki ngumu, tani tatu na kidogo, nikakodi fuso. Ikawa ndiyo Mei ya Kimbunga Hidaya, barabara ikakatika Kilwa, magari yakalala siku kadhaa. Marobota yakanyeshewa. Tulipofika, mnunuzi akakata uzito wa maji, akakata bei kwa uchafu, na nilichobaki nacho hakikutosha kulipa fuso. Waokotaji kumi na wanne niliwalipa kidogo kidogo mpaka msimu wa korosho. Kama hiyo ni plastiki ngumu yenye soko, nani atathubutu kubeba nailoni umbali huo?

Najua pingamizi mbili zinakuja, na zote ni za haki. Ya kwanza: plastiki inatokana na mafuta, ikiungua tanurini bado inatoa hewa ukaa. Ni kweli. Ila inaingia badala ya makaa ya mawe ambayo yangechomwa hata hivyo, na sehemu ya kazi yake inafanywa na haidrojeni inayotoka kama maji. Nailoni ile ile leo inachomwa bure, hewa ukaa inatoka, na chuma hatupati. Sitaki mtu aitumie barua hii kutetea plastiki mpya. Marufuku ya mifuko ya Juni 1, 2019 ilikuwa sahihi na ibaki. Nakumbuka mikoko ya Mikindani ilivyokuwa imening'inia rambo kama matunda. Mimi nazungumzia ile ambayo imeshaingia nchini na haina pa kwenda.

Pingamizi ya pili: gesi tunayo Mnazi Bay na Songo Songo, na chuma kinaweza kutolewa kwa gesi asilia bila koki. Kinaweza. Serikali ikiamua hivyo nitafurahi kuliko wote. Lakini nailoni ya mtaroni haitatoweka kwa sababu Liganga imetumia gesi, na hata tanuri la umeme la kumalizia linahitaji kaboni yake.

Kuna la sasa hivi pia, maana Liganga haitawaka kesho na plastiki haikai ikingoja. Rundo kubwa likishika moto halizimiki. Mtwara tuna kiwanda kikubwa cha saruji, na tanuri la saruji hufikia nyuzi 1,450. Sehemu nyingi duniani matanuri ya namna hiyo yanachoma plastiki iliyochambuliwa badala ya makaa. Wakuu wa mikoa, ninyi mkimwita mwenye kiwanda atakuja. Mimi nikimwita hatakuja. Muulizeni anataka plastiki ya aina gani, kavu kiasi gani, na klorini isizidi ngapi. Kazi atakayoidai ya kuchambua ndiyo ile ile atakayoidai mtu wa chuma baadaye, kwa hiyo watu wetu watakuwa wameshajifunza. NEMC wasimame getini na vipimo vya moshi tangu siku ya kwanza, matokeo yabandikwe ofisi ya kata kila mtu asome.

Kwa halmashauri, sitaki mengi. Nataka mizani kwenye kila dampo, ili kila gari la taka lipimwe na plastiki yake ipimwe peke yake, mwaka mzima, masika na kiangazi. Nataka banda moja lenye paa na sakafu ya zege, mashine ya kusaga na ya kushindilia marobota. Mafundi wa SIDO na VETA hawashindwi na mashine hizo. Moto wa dampo upigwe marufuku kwa sheria ndogo inayosimamiwa, si ya kubandikwa ukutani. Na kilo ya nailoni kavu iliyochambuliwa iwe na bei, hata ndogo, inayolipwa papo hapo. Mkifika hapo hamtahitaji kampeni wala fulana. Bibi yule wa Mikindani atawasafishia ufukwe wote, yeye na wenzake, kwa sababu kiroba chake cha tatu kitakuwa kimepata mizani.

Wapeni glavu na barakoa. Wengi wao ni wanawake watu wazima na watoto waliopaswa kuwa darasani. Watoto wasiandikwe, wakubwa waandikwe kwenye vikundi na wakatiwe bima. Mnapogawa ile asilimia 10 ya mapato ya ndani kwa wanawake, vijana na watu wenye ulemavu, kikundi cha wachambuaji nacho kisikilizwe kama kinavyosikilizwa cha wafuga kuku.

Viroba vya majaribio nimeshavitayarisha. Viko sita, kila kimoja kimepimwa kilo 10 na kuandikwa ubavuni kwa kalamu isiyofutika: viwili nailoni ya majumbani, kimoja nailoni ya ufukweni kama ilivyookotwa, kimoja nailoni ya ufukweni iliyosuuzwa maji baridi mara mbili, kimoja mifuko ya salfa iliyokung'utwa tu, na kimoja mifuko ya salfa iliyooshwa na kuanikwa siku tatu. Viko juu ya mbao, chini ya bati, upande wa kushoto ukiingia yadini. Gari la maabara likifika, siku yoyote isipokuwa Ijumaa mchana, nitasaidia kupakia.

Wenu katika ujenzi wa taifa,
Mnunuzi wa chakavu, Mtwara